Kutoka kondeni hadi sahanini: metali nzito katika udongo wa visiwa vyetu

Hotuba kwa wakulima, masheha na wafanyabiashara wa mboga, iliyotolewa Wete, Pemba, kwa ajili ya Siku ya Udongo Duniani

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa masheha, mabwana shamba na mabibi shamba, wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu wakulima, Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nimetakiwa nizungumzie namna metali nzito zinavyotoka udongoni zikaingia kwenye chakula, na nimelipokea jambo hili kwa uzito wake, kwa sababu sisi wa visiwani linatugusa kwa namna ya peke yake. Ardhi yetu ni ndogo na inagawanywa kila kizazi. Bonde la mpunga ambalo babu alilima, mjukuu ndiye anayelilima leo, na kitukuu atalilima kesho akipenda Mungu. Likiharibika, hakuna bonde jingine nyuma ya kilima linalotungojea.

Metali ninazozikusudia ni chache. Kuna risasi, kadimi na zebaki, na kuna aseniki, ambayo wanakemia hawaihesabu kuwa metali kamili lakini madhara yake yameiingiza katika kundi hili. Baadhi ya magazeti yetu huyaita yote haya madini tembo. Shaba na zinki nazo zimo, ila hizo mbili mmea na mwili wa binadamu huzihitaji kwa kiasi kidogo, na ubaya wake huja zinapozidi. Zebaki nitaiacha, kwa kuwa kwetu sisi njia yake kubwa ni samaki wakubwa wa bahari kuu, nayo inastahili siku yake. Nitakaa kwenye kadimi, risasi na aseniki.

Tofauti moja kati ya metali hizi na sumu nyingine za kondeni ndiyo inayobeba maneno yangu yote ya leo. Dawa ya kuulia wadudu, hata ikiwa kali, ina siku ya kuvunjika: jua, maji na vijidudu vya udongoni huivunjavunja, nyingine kwa siku, nyingine kwa miaka. Risasi haivunjiki. Ukiichoma moto inabaki kuwa risasi ndani ya majivu na moshi, ukiizika inabaki kuwa risasi chini ya mchanga, na ikishaingia katika tabaka la juu la udongo hukaa humo kwa mamia ya miaka. Kwa hiyo hapana msimu wa kupumzisha konde utakaoiondoa, na ulinzi wenye maana ni ule unaofanyika kabla haijaingia.

Wajapani walijifunza hayo kwa gharama kubwa. Katika mkoa wa Toyama unapita mto Jinzu, na upande wa juu wa mto huo palikuwa na mgodi wa Kamioka uliotoa zinki na risasi. Maji machafu ya mgodi yalishuka mtoni yakiwa na kadimi, wakulima wa chini wakayafungulia kwenye mashamba yao ya mpunga, na kadimi ikatua udongoni mwaka baada ya mwaka bila ya mtu kuiona wala kuionja, kwa kuwa wali ulikuwa mweupe vilevile na ladha yake ile ile. Walioumia zaidi walikuwa kina mama wa makamo waliokwisha kuzaa mara nyingi. Figo zao zilidhoofu, na mifupa ikalainika hata ikawa inavunjika kwa kukohoa. Ugonjwa huo ulijulikana kwa jina la itai-itai, na mwaka 1968 serikali ya Japani ilitamka rasmi kwamba chanzo chake ni kadimi iliyotoka mgodini. Mashamba hayakupona kwa kungoja. Ilibidi udongo mchafu ufukiwe na udongo mwingine uletwe juu yake, bonde kwa bonde, kazi iliyochukua zaidi ya miaka 30 na fedha ambazo nchi tajiri tu inaweza kuzitoa.

Pemba na Unguja hatuna mgodi wa zinki. Lakini vipo vyanzo vingine, na napenda tuvipime kwa uzito wake halisi ili tusiogope kisichostahili na kudharau kinachostahili.

Wakulima wengi huniuliza kwanza juu ya mbolea ya chumvichumvi. Swali lao ni la haki, kwa sababu mbolea za fosfati, ikiwamo TSP tunayoitia mabondeni, hutengenezwa kwa miamba ya fosfati, na miamba hiyo kwa maumbile yake ina kadimi. Ile iliyotokana na mashapo ya bahari za kale huwa nayo nyingi zaidi kuliko ile iliyotokana na moto wa volkano. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya mwaka 2019, umeweka mpaka wa miligramu 60 za kadimi kwa kila kilo ya fosfati iliyomo ndani ya mbolea. Tufanye hesabu. Mfuko wa kilo 50 wa TSP una kiasi cha kilo 23 za fosfati. Ukiwa umefikia mpaka huo kamili, ndani yake mna gramu 1.4 hivi za kadimi. Ekari moja ya udongo, kwa kina cha sentimita 20, ina uzito wa karibu tani 1,000. Mkulima anayetia mfuko mmoja kwa ekari kila mwaka atakuwa ameongeza, baada ya miaka 50, chini ya sehemu moja ya kumi ya miligramu katika kila kilo ya udongo. Udongo wa kawaida usioguswa kwa kawaida huwa na kadimi isiyofika miligramu 1 kwa kilo.

Maana ya hesabu hii ni kwamba mfuko mmoja hauui konde, na simwambii mkulima aache mbolea wakati mpunga wake umekuwa manjano kwa njaa. Lakini ongezeko hilo halirudi nyuma, na mfuko uliotoka kwenye mwamba mchafu unaweza kubeba mara mbili au zaidi ya kiasi nilichokitaja. Hapa mzigo si wa mkulima, kwa kuwa yeye hana namna ya kuijua kadimi kwa kuutazama mfuko. Mzigo ni wa waagizaji na wa taasisi zetu za viwango: cheti cha shehena kionyeshe kiasi cha kadimi, kama kinavyoonyesha naitrojeni na fosfati.

Sasa tuitazame betri ya gari. Betri moja ya kawaida ina risasi ya kiasi cha kilo 8 hadi 10 au zaidi. Chukulieni tuta la mboga lenye mita 10 kwa mita 10, ambalo udongo wake wa juu una uzito wa tani 26 hivi. Ikimwagika humo kilo 1 tu ya risasi, kila kilo ya udongo itaongezewa karibu miligramu 38, na udongo wa kawaida una risasi ya miligramu 10 hadi 30 kwa kilo. Yaani sehemu ndogo ya betri moja, kwa siku moja, inafanya zaidi ya inayoweza kufanywa na mbolea kwa vizazi. Na betri hizi zinavunjwa wapi? Zinavunjwa uani, nyuma ya gereji, chini ya mwembe, pembeni ya pwani, pahala ambapo baada ya miaka michache mtu mwingine ataona udongo mweusi mzuri na kusia mchicha.

Ndugu zangu wavuvi naomba wanisikilize hapa kwa moyo mwema. Kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kwa ajili ya kutengeneza chubwi ni kazi inayofanywa kwa nia ya riziki, lakini asidi humwagwa chini, vumbi la risasi hutapakaa, moshi huangukia mapaa na visima, na watoto huwa karibu. Majirani zetu wa Mombasa wameliona jambo hili kwa ukubwa wake. Katika mtaa wa Owino Uhuru palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu; watu wakaugua, watoto wakapimwa na kukutwa na risasi katika damu, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamua wakaazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kesi iliendelea katika mahakama za juu kwa miaka. Udongo wa pale haukungoja hukumu ya mtu.

Chanzo cha tatu ni majivu ya jaa. Nataka nitenganishe mambo mawili ambayo kwetu huchanganywa mno. Majivu ya kuni safi ni neema kwa konde, nami nitayasifu baadaye kidogo. Majivu ya taka zilizochomwa, zenye vipande vya plastiki, waya, mbao zilizopakwa rangi, betri ndogo za tochi na simu, ni kitu kingine kabisa, kwa sababu moto umekula karatasi na majani na kuzikusanya metali katika uzito mdogo. Udongo mweusi wa jaa nao ni hivyo hivyo. Unastawisha mboga kwa kasi, jambo linalomdanganya mkulima, kwani mchicha uliostawi na mchicha wenye kadimi unaweza kuwa ni mchicha mmoja.

Samadi ya kuku wanaolishwa chakula cha madukani huwa na shaba na zinki, kwa sababu vyakula hivyo huongezwa madini hayo. Itiwe kwa kiasi, si kila mwezi. Mrututu nao, ambao ni chumvi ya shaba, hujikusanya chini ya miti inayopigwa dawa hiyo miaka mingi. Sina zaidi juu ya hayo mawili.

Metali kuwamo udongoni ni jambo moja, na kupanda hadi kwenye jani ni jambo jingine. Mashamba mawili yanaweza kuwa na kadimi sawasawa kwa kipimo cha maabara, moja likatoa mboga salama na jingine likatoa mboga isiyofaa. Kinachoamua ni hali ya udongo, na hapa ndipo mkulima ana nguvu kubwa kuliko anavyojua.

Mzizi haunywi kila kilichomo udongoni. Una milango yake maalumu, mmoja wa zinki, mwingine wa manganizi, mwingine wa chuma, na kila mlango humpitisha anayefanana na mwenyewe, mithili ya bawabu anayewatambua watu kwa kanzu zao asiangalie nyuso. Kadimi imevaa kanzu ya zinki na ya manganizi, hupita. Ndiyo maana konde lenye upungufu wa zinki hunyonya kadimi zaidi, kwa kuwa mmea uliokosa zinki hufungua milango yake wazi kuitafuta. Risasi haina bahati hiyo. Sehemu yake kubwa hunasa kwenye mizizi isipande juu, na inapokutwa kwenye majani aghalabu imekuja kwa vumbi au kwa matone ya mvua yaliyorusha udongo.

Kisha kuna uchachu. Udongo ukiwa mchachu, kadimi huachia chembe za udongo na kuyeyuka katika maji, ikawa tayari kwa mzizi; udongo ukiwa na chokaa, hukamatwa na kutulia. Maumbile yametugawia hali mbalimbali. Makonde ya uwanda na ya maweni, yaliyokaa juu ya mawe ya matumbawe, yana chokaa yake ya asili na huishika kadimi vizuri. Vilima vya Pemba, vilivyooshwa na mvua nyingi kwa maelfu ya miaka, vina udongo mwekundu wenye kina lakini mchachu, na tukiutia mbolea ya salfeti ya amonia mfululizo tunauongezea uchachu. Kwa hiyo nasema kwa yakini kwamba chokaa inayochomwa hapa hapa visiwani, majivu safi ya kuni niliyoahidi kuyasifu, mboji na samadi ya ng'ombe iliyooza, vyote hivi ni kinga dhidi ya kadimi. Mboji ina kazi ya pili pia: chembe zake huing'ang'ania kadimi na shaba. Chokaa itiwe baada ya kupima uchachu, kwa kuwa kuzidisha nako kunamnyima mmea zinki na chuma.

Jambo la chumvi ya bahari halisemwi sana, na kwetu Pemba linaniumiza. Tunajua mabonde ambayo maji ya chumvi yamepanda, kingo zimebomoka, mpunga umekufa na mkulima amelia. Inapokuja chumvi, klorini iliyomo ndani yake huungana na kadimi na kuifanya iyeyuke na kutembea kwa urahisi hata katika udongo usio mchachu. Jambo hili lilidhihirika Australia kwenye mbatata zilizomwagiliwa maji ya chumvichumvi. Kwa hiyo ukingo wa kuzuia bahari ni ulinzi wa mavuno, na pia ni ulinzi wa usafi wa mavuno hayo, na anayeacha mikoko ikatwe mbele ya bonde anafungua milango miwili kwa pamoja.

Mpunga unataka maneno marefu zaidi, kwa sababu wali ndio chakula chetu cha kila siku, na mpunga una tabia ambayo nafaka nyingine hazina. Bonde likijaa maji, hewa hutoka udongoni. Kutu ya chuma iliyokuwa imeishika aseniki huyeyuka na kuiachia, na aseniki yenyewe hubadilika umbo likawa lile linalopita kwenye mlango wa silika, ambao mpunga umeufungua wazi kwa kuwa hupenda silika ili kuimarisha bua lake. Hivyo bonde lililofurika msimu mzima hupandisha aseniki kwenye punje kwa wingi kuliko ngano au mtama unavyoweza kuipandisha. Kadimi hufanya kinyume: katika maji yaliyosimama huungana na salfa na kulala, bonde likikauka huamka.

Wale waliofuata kilimo shadidi, kile cha kumwagilia na kukausha kwa zamu, wanaona faida ya kuokoa maji na kuongeza mavuno, na pamoja na hayo wanapunguza aseniki. Lakini wakikausha sana, hasa wakati mpunga unapotoa masuke na kujaza punje, katika udongo mchachu wenye kadimi, wanaweza kuipandisha kadimi. Hakuna jibu moja kwa mabonde yote. Palipo na aseniki, kausha kwa zamu. Palipo na kadimi, weka maji wakati wa masuke. Pasipojulikana, pima kwanza. Na makapi ya mpunga, yale tunayoyachoma kando ya mashine za kukobolea, yana silika nyingi, na yakirudishwa bondeni huipa mizizi silika ya kushindana na aseniki pale mlangoni. Kuyachoma pembeni mwa barabara ni kupoteza mali.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na Shirika la Afya Duniani, kwa kupitia kamati yao ya viwango vya chakula, yameweka mipaka: aseniki isiyo ya kikaboni, ambayo ndiyo yenye sumu zaidi, isizidi miligramu 0.2 kwa kilo ya mchele mweupe, na kadimi isizidi 0.4. Kwa mboga za majani kadimi isizidi 0.2 na risasi isizidi 0.3. Mipaka hii ituongoze pia katika mchele tunaoagiza, kwani sehemu kubwa ya wali wetu inatoka nje, na baadhi ya nchi zinazolima mpunga, kama vile Bangladesh, zina maeneo ambayo maji ya visima vya kumwagilia yana aseniki ya asili. Kina mama wanaopika biriani wanajua kuchemsha mchele kwa maji mengi kisha kuuchuja. Njia hiyo, kama maji yenyewe ni safi, hutoa sehemu kubwa ya aseniki, mara nyingi kiasi cha nusu hivi. Na mchele usiokobolewa sana, ambao una faida nyingi, huwa na aseniki zaidi kwa kuwa hukaa kwenye pumba.

Nikija kwenye mboga, mpangilio wake ni huu: majani hunyonya kadimi zaidi, mizizi hufuatia, matunda na punje huwa na kidogo. Mchicha ni miongoni mwa mimea inayoipenda kadimi kuliko mingi, nao ndio mboga ya maskini na ya tajiri hapa kwetu. Tungule, bamia, mabilingani na matango huwa salama zaidi katika konde lenye shaka, na minazi na migomba ni salama zaidi bado. Mwaka 1999 wanakemia walichapisha vipimo vya mboga za majani zilizolimwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi, Dar es Salaam, na ndani yake walizikuta metali hizi. Mji wetu unakua, na matuta ya mboga yanaufuata kwa kuwa soko liko mjini. Tusingoje mpaka nasi tuwe na Msimbazi yetu.

Kuosha mboga kwa maji mengi kunaondoa vumbi na udongo, na kwa hiyo kunaondoa risasi nyingi. Kadimi iliyo ndani ya jani haioshwi wala haiungui jikoni. Muhogo, mbatata na majimbi yamenywe maganda, kwa kuwa risasi hukaa zaidi kwenye ganda na udongo uliogandana nalo.

Ndani ya mwili, kadimi huenda kwenye figo na kukaa humo miaka 10 hadi 30. Risasi hujificha mifupani kwa miongo, na mama anapobeba mimba au kunyonyesha huweza kutoka mifupani na kumfikia mtoto. Mtoto mdogo hunyonya risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Mwaka 2010 wataalamu wa mashirika hayo mawili niliyoyataja waliondoa kile kiwango cha risasi kilichokuwa kikikubaliwa kwa wiki, kwa sababu hawakukiona kiasi ambacho wangeweza kusema kwamba hakimdhuru mtoto katika akili yake. Aseniki na kadimi zote zimewekwa katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani.

Mwenye upungufu wa damu huathirika zaidi, kwa kuwa utumbo uliokosa chuma, kama ule mzizi uliokosa zinki, hufungua milango yake na kupitisha kadimi na risasi. Mama zangu, hili linanileta kwenye jambo la faragha ambalo naomba ruhusa kulisema hadharani. Wapo kina mama wajawazito wanaokula udongo. Hawafanyi hivyo kwa ujinga. Hamu hiyo ni ya kweli, na utafiti uliofanywa hapa Zanzibar na kuchapishwa mwaka 2010 uliikuta ikiambatana na upungufu wa damu. Lakini utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2014 kutoka maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Geita, ulipima udongo unaoliwa na kina mama wajawazito na kuukuta na metali zenye madhara. Nimezungumza muda mrefu juu ya mzizi na jani. Hapa hakuna mzizi wala jani, udongo unaingia mwilini wenyewe. Mama mwenye hamu hiyo asikaripiwe. Apelekwe kliniki apimwe damu na apewe vidonge vya chuma.

Niseme pia, kwa uadilifu, kwamba si kila risasi iliyo sahanini imetoka kondeni. Bangladesh iligunduliwa kwamba baadhi ya wafanyabiashara walikuwa wakiitia manjano rangi ya kromati ya risasi ili ing'ae, na sufuria zilizosubiwa kwa vyuma chakavu zinaweza kutoa risasi zinapopikiwa vitu vichachu. Visiwa vya viungo havina budi kuyajua haya. Mkulima asishitakiwe kabla ya kupimwa.

Na kupima kuna adabu yake. Chagua konde moja lenye udongo wa namna moja, uchukue udongo sehemu 15 hadi 20 kwa kwenda upogoupogo, kina cha sentimita 20 kwa mboga na mpunga. Tumia ndoo ya plastiki, si ya bati, kwa sababu bati lililopakwa zinki litaharibu kipimo. Changanya vizuri, kausha kivulini, toa nusu kilo, andika jina la pahala, tarehe na kilichopandwa. Ile kona unayoitilia shaka, palipovunjwa betri au palipokuwa na jaa, ichukulie udongo wake peke yake usiuchanganye na mwingine, kwani ukiuchanganya utaificha. Mkabidhi bwana shamba wako, naye aufikishe kwa watafiti wa kilimo wa Kizimbani, Unguja, au kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Kwa waheshimiwa masheha nina ombi moja. Nyinyi ndio mnaokumbuka kila kiwanja kilikuwa nini: hapa palikuwa gereji, hapa palikuwa jaa kabla halijahamishwa, hapa wavuvi waliyeyusha risasi. Kumbukumbu hiyo iko vichwani mwenu na kwa wazee, na wazee wanatutoka. Iandikwe katika daftari la shehia, na kabla kiwanja chochote kati ya hivyo hakijapewa kikundi cha kina mama au skuli kwa kulima mboga, kipimwe. Kikikutwa hakifai kwa mchicha, kinafaa kwa minazi, kwa maua, kwa mikungu ya kivuli, au kwa jengo.

Wale wenye betri kuukuu majumbani, naomba msizivunje. Zikae zima, zisimame wima, mahali pasipofikiwa na watoto, mpaka zichukuliwe na wanunuzi wanaozipeleka viwandani. Viongozi wa wavuvi waliopo hapa, nimewawekea meza pale nje na sampuli za chubwi za chuma na za saruji mzijaribu, na nitakaa mpaka alasiri kujibu maswali ya yeyote aliyekuja na udongo wake mfukoni.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Wabillahi tawfiq.